Nyuzi Tatu za Juu

Jumatatu, 4 Machi
Bila mimi, muziki wa watu wa kale ungelala kaburini miaka elfu nne mingine. Naandika ili wajukuu wajue. Mpwa wangu, mtoto wa dada, ni kibarua wa makumbusho. Kaona kinubi kimechorwa kwenye kigae cha chungu, anataka kupiga cha mfano wake mbele ya watu Jumamosi. Nani kakichonga? Mimi! Miaka thelathini ubavuni mwa mashine ya kuranda si mchezo. Nyuzi kafunga mwalimu wa muziki, yule Bwana Tai. Karatasi ya maonyesho imemtaja kwa jina na vyeo viwili. Mimi nimeandikwa "fundi". Fundi! Kama vile nimekuja kuzibua choo.

Jumatano, 6 Machi
Mazoezi, chumba cha nyuma cha makumbusho. Nyuzi saba safi. Tatu za juu, zile nyembamba, bubu kabisa! Watu wamefumba macho, eti utamu. Wanafiki wakubwa. Nikasema hizo tatu hazilii. Bwana Tai akanitazama kama mende kwenye sukari, akasema kazi yangu iliishia kwenye mbao. Nikamweleza nilivyowapangia sauti bendi ya jeshi, tarumbeta arobaini, hadi jenerali akatoa machozi. Dada akadakia mbele ya wote: kaka, jeshini ulipeleka madawati, tena yakarudishwa.
Ndugu wa tumbo moja, yule!
Mpwa akanivuta pembeni. Wakubwa wakipendezwa Jumamosi, atapewa ajira ya kudumu. Akaniomba: mjomba wangu, nakusihi, usikiguse tena.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekigusa. Kwa faida yake! Nilimwambia mlinzi nakuja kupaka vanishi, na kweli nilipaka kidogo. Kisha nikageuza vigingi vitatu vya kukazia zile nyuzi za juu. Nikapiga. Kimya. Nikakaza. Kimya. Nyuzi kaidi namna hii sijapata kuona! Nikakaza mpaka zikawa ngumu kama misumari. Kesho zitalia zenyewe.

Jumamosi, 9 Machi
Ukumbi umejaa. Mpwa kagusa uzi mwembamba, ukakatika, ukamchapa shavuni. Wa pili, vilevile. Wa tatu hata hakuufikia, ulikatika wenyewe. Nyuma kuna mtu alicheka. Mpwa akajifuta damu kwa kiganja, akaanza upya kwa nyuzi saba, na kila palipokosekana sauti akaijaza kwa mdomo wake. Bwana Tai analia waziwazi. Ukumbi mzima ukasimama. Nami nikasimama, nikainama kuwashukuru.
Wakubwa wamesema suala la ajira watalitazama mwakani, chombo kikiwa imara.
Mlangoni mpwa akaviangalia vile vigingi vitatu, vina alama za vidole vyenye vanishi. Akaangalia kucha zangu. Nilingoja anitukane. Akasema tu: asante, fundi.
Fundi. Si mjomba.

Jumapili, 10 Machi
Nimeshamwandikia mkurugenzi. Nyuzi za Bwana Tai zilikuwa mbovu, na kinubi kijacho nipange sauti mimi, maana sikio kama hili halizaliwi kila mwaka. Dada kaja, kakataa kuketi. Kasema kabonyeza kengele ya mlango mara tisa. Nikamjibu imeharibika.
Kengele ni nzima. Na zile nyuzi tatu, tangu siku ya kwanza, mimi nilikuwa naziona zikitikisika tu.