Funguo za Mama Chuma na Mashine ya Mifupa

"Sivui! Mniletee askari, mniletee na mkuu wa hospitali, sivui!"

Hivyo ndivyo alivyonguruma Mama Chuma, mama mzazi wa mume wangu, malkia wa makabati, mlinzi wa sukari, mshindi wa mabishano yote ya ukoo wetu, akiwa ameketi wima juu ya kitanda chembamba cha mashine ya kupima mifupa, mikono yote miwili ameikaza kiunoni kama askari anayeegemea lango la ngome lisisukumwe. Mbele yake alisimama Dada wa Mashine, binti mwembamba mwenye sauti ya upole na subira inayokaribia kuisha. Nami nilisimama kati yao na mkoba begani, mkwe asiye na jeshi.

Enyi wote mliowahi kubishana na mzazi ndani ya hospitali, sogeeni! Enyi mliopoteza namba ya foleni kwa sababu mgonjwa wenu ameamua kurudi nyumbani, ketini karibu zaidi! Ninasimulia vita ambavyo havikumwaga damu hata tone, kwa kuwa hata sindano haikuwepo, lakini ambavyo vilitikisa mapazia ya chumba kile na kulisimamisha benchi zima la wagonjwa waliokuwa nje, wale walioweza kusimama.

Chanzo cha vita kilikuwa hiki. Mama Chuma alikuwa amekwisha kulazwa mara moja kwenye kitanda kile, na ule mkono mrefu mweupe wa mashine ulikuwa umekwisha kupita juu yake polepole, ukimtazama mifupa kama mnunuzi anayekagua nyanya. Picha ikatokea kwenye skrini. Dada wa Mashine akaitazama, akaisogelea, akavua miwani, akaivaa tena.

"Bibi," akasema, "uti wako wa mgongo una kufuli."

"Umeona?" Mama Chuma akajibu kwa fahari. "Nilikuambia mimi ni chuma. Andika hivyo hivyo twende zetu."

Nikaenda kuchungulia. Wallahi palikuwa na kufuli. Palikuwa na kufuli moja na rundo la funguo, zimetanda juu ya mifupa ya mgongo wa mama mkwe wangu, nyeupe, zenye meno, kana kwamba mtu yule alizaliwa nazo. Alikuwa amevua hereni. Alikuwa amevua bangili, pete, hata pini ya kilemba. Alipoulizwa kama ana kitu kingine cha chuma aliapa hana. Lakini ile kamba yake ya kiunoni, yenye funguo zote za nyumba yetu, alikuwa ameisukuma chini ya gauni la hospitali na kuilalia kimya kama kuku aliyelalia mayai.

"Bibi, chuma kinaidanganya mashine," Dada wa Mashine akaeleza. "Inahesabu funguo kama mfupa. Itasema una mifupa ya msichana."

"Sasa ubaya uko wapi?"

Hapo ndipo lilipotoka lile "Sivui!" mlilolisikia mwanzo.

Ili mjue kwa nini sikumshika mkono nikaenda naye nyumbani, sharti niwarudishe nyuma kidogo. Shujaa wetu alivunjika kifundo cha mkono wa kushoto kwa kuteleza bafuni, nasi tukalaumu sabuni. Hospitali wakafunga plasta, wakafungua plasta, kwaheri. Akavunjika kifundo cha mkono wa kulia kwa kuanguka kutoka kwenye kistuli kisichofika hata goti, alipokuwa akipanda kufungua kabati la juu kabisa, ambamo sukari huishi kifungoni kwa kuwaogopa wanangu pacha. Tukalaumu kistuli. Mume wangu alikipiga teke, akaumia kidole. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuulaumu mfupa.

Lakini safari hii hospitalini alikuwapo mwanamke mpya, Muuguzi wa Mifupa, mnene, mwenye viatu vya mpira na jicho la hakimu. Huyo alikuwa ameweka utaratibu wake: mtu yeyote mwenye umri mkubwa aliyevunjika kwa kuanguka kidogo hatoki na plasta tu kama mzigo uliofungwa kamba. Lazima apimwe uimara wa mifupa, na ikibidi apewe dawa. Alinivuta pembeni nje ya chumba cha plasta.

"Mfupa mzima hauvunjiki kwa kuanguka kutoka kimo cha kuku," aliniambia. "Huyu ameshavunja mikono miwili. Unajua kinachofuata? Nyonga. Na mtu mzima akivunja nyonga, mama, wengine hawainuki tena. Mlete apimwe. Akikataa, mlete hivyo hivyo."

Nikamleta hivyo hivyo. Na sasa alikuwa ananitoroka akiwa amekaa palepale.

"Mama," nikaanza, kwa sauti ile ninayoitumia pacha wanapokuwa juu ya paa, "vua hiyo kamba, upimwe, uivae tena. Ni muda wa kuchemsha chai tu."

Mama Chuma akainua kidevu. Akanena, na maneno yake yakavuka pazia yakalifikia benchi:

"Mama Pacha! Mimi nimezaa watoto sita na kuwalea tisa. Nimeolewa, nimefiwa, nimejenga. Nimelala na funguo hizi, nimeoga na funguo hizi, nimezika mume na funguo hizi zikiwa kiunoni, na zikalia pale kaburini kuliko dada zake. Leo katoto haka kanakobonyeza vidude kanivue mimi nguvu za nyumba yangu? Niziweke wapi? Kwenye kile kisahani cha plastiki? Kama maganda?"

"Kisahani ni kisafi, bibi," Dada wa Mashine akasema.

"Sikuulizi usafi!"

Nje ya pazia mzee mmoja mwenye magongo akapaza sauti: "Jamani, aachwe na funguo zake! Wapimeni wasio na nyumba!"

"Nyamaza baba, kila mtu na ugonjwa wake," mwanamke mwingine akamjibu. "Bibi, toa funguo! Mimi nimetoka alfajiri!"

"Na wewe ulivua nini?" Mama Chuma akampigia kelele.

"Nilivua mpaka meno!"

Benchi likaangua kicheko. Hata Dada wa Mashine akageuza uso ukutani, mabega yakimtikisika. Lakini Mama Chuma hakucheka. Nikamtazama vizuri, nikaona vidole vyake vinazihesabu funguo juu ya gauni, moja moja. Na mkono mmoja ulikuwa bado mwembamba, umepauka, umetoka plasta juzi. Nikajua hapa hatugombani kuhusu chuma.

"Basi nizishike mimi," nikasema. "Nipe mimi."

Ah, wasikilizaji! Hata ningelimtupia kaa la moto lisingelimshtua hivyo. Akaniangalia kwa macho makali, kisha yakalegea, kisha akashusha sauti mpaka benchi likalalamika kwamba halisikii.

"Ndiyo hasa ninachokiogopa," akasema. "Unajua mimi nilizipataje?"

"Ulipewa na mama mkwe wako."

"Nani kasema nilipewa? Alikuwa amelala kwenye machela, katika hospitali kama hii. Akaniambia, shika hizi kwa muda tu, mpaka nitoke. Akatoka baada ya wiki, mzima wa afya, anatembea. Akaziomba." Akalivuta gauni juu ya kamba. "Nikamwambia, pumzika kwanza, mama. Kila akiomba, pumzika kwanza, mama. Akapumzika mpaka akafa. Sukari ya nyumba ile ile aliyoijenga, akawa anaiomba kwangu kwa kijiko."

Mashine peke yake ikanguruma kidogo, kama mtu aliyesikia jambo la aibu akajifanya anakohoa.

Sasa, mimi ni mwanamke wa vitendo. Ningeweza kulia pale, foleni isingeruhusu. Ningeweza kuapa, mama mkwe wangu haamini viapo, ameshaapa sana mwenyewe. Nikamgeukia Dada wa Mashine.

"Mimi naruhusiwa kusimama wapi?"

"Pale kwenye meza yangu, karibu na mlango. Mionzi yake ni kidogo sana."

"Na kelele zinaruhusiwa?"

"Kelele za nini?"

"Mama," nikasema, "utalala. Mimi nitasimama pale. Nitaziinua funguo juu ya kichwa changu na nitazitikisa bila kuacha, mwanzo mpaka mwisho. Ukisikia zinalia, ujue nipo. Zikinyamaza hata mara moja, amka unipige na mkono mzima."

Mama Chuma akafikiri. Fikra zile zilikuwa ndefu kuliko ujenzi wa nyumba. Kisha akaingiza mkono chini ya gauni, akafungua fundo lililokuwa halijafunguliwa tangu ujana wangu, na kamba ikatoka, ndefu, nyeusi kwa jasho la miaka, funguo zikigongana kama panga za majeshi mawili yaliyokutana mtoni. Akaniwekea kiganjani. Nilishtuka kwa uzito wake. Kumbe mtu yule alikuwa akibeba nyumba nzima kwenye mgongo usio na nguvu ya kubeba hata ndoo.

"Tikisa," akaamuru, akalala.

Nikatikisa! Enyi wapiga ngoma, enyi wapiga zumari, mko wapi mje mjifunze! Nilisimama mlangoni mwa chumba kile na mkono juu kama mshika bendera wa kikosi cha mbele, funguo zikilia kacha-kacha-kacha, na mkono mweupe wa mashine ukaanza safari yake juu ya kiuno cha shujaa. Mama Chuma alilala kama jiwe la msingi. Ni kidole kimoja tu cha mguu kilichokuwa kikipiga mdundo wa funguo. Bega langu likaanza kuchoma. Nikabadilisha mkono kwa kasi ya umeme.

"Zimenyamaza!" akafoka bila kufumbua macho.

"Nimebadilisha mkono!"

"Usibadilishe!"

"Usitikisike, bibi!" Dada wa Mashine akapaza sauti. "Nyonga sasa. Karibu tunamaliza."

"Huko ndani kuna harusi?" Mzee wa Magongo akauliza.

"Kuna vita!" nikamjibu, nikaendelea kutikisa.

Na ikawa, mkono mweupe ulipofika mwisho ukarudi mahali pake, Dada wa Mashine akasema, "Tayari." Neno fupi, lakini nawaambia, miji imeangukia mikononi mwa maadui kwa shangwe ndogo kuliko ile iliyotoka benchini. Mwanamke aliyevua meno alipiga kigelegele, na kikatoka vizuri hivyo hivyo.

Tukaitwa chumba cha pili. Muuguzi wa Mifupa akaweka picha mbili mezani: ile yenye kufuli na ile isiyo na kitu. Akamwonyesha Mama Chuma ya pili kwa kalamu.

"Mifupa ya mgongo imepungua sana. Na nyonga nayo. Imekuwa kama mkate uliokaushwa, nje mzima, ndani matundu."

"Lakini mimi wananiita Chuma."

"Chuma kilikuwa kwenye kamba, mama yangu."

Sijapata kuona mtu akimjibu hivyo akabaki na nywele zake. Lakini Mama Chuma aliivuta ile picha karibu, akaipapasa kwa kidole kama mtu anayepapasa ukuta unaomong'onyoka.

Muuguzi akaeleza dawa: kidonge kimoja kila wiki, asubuhi kabla ya kula, kwa maji tele, ukae wima nusu saa bila kurudi kitandani. Akaeleza kutembea, akaeleza maziwa na dagaa na jua la asubuhi, akaeleza kuondoa kizulia chochote kinachoteleza mlangoni. Kisha akauliza, akinitazama mimi, "Mara ya mwisho alianguka akifanya nini?"

"Alipanda kistuli kufungua kabati la sukari."

"Basi kistuli mwisho. Akianguka tena tutakuwa tunazungumza kitandani, siyo kwenye kiti."

Niliweka rundo zima la funguo mezani, mbele ya mama mkwe wangu, kabla hajaomba. Aliziangalia. Akaniangalia mimi, na bega langu lililokuwa bado limeinama upande. Kisha akazichukua, akatafuta kati yake ufunguo mdogo wa shaba, na kwa kuwa mikono haikuwa na nguvu ya kufungua fundo dogo lililoushika, akaliuma kwa meno, huku Muuguzi wa Mifupa akitazama bila kuthubutu kusema neno kuhusu meno. Fundo likaachia.

Andikeni basi, enyi mnaoandika mambo ya wafalme! Andikeni kwamba siku hiyo, katika chumba chenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, kabati la juu lilibadilisha mtawala bila mazishi, na kistuli kikastaafu kwa heshima, na nyonga moja ikaokolewa kabla haijavunjika, jambo ambalo halipigiwi ngoma popote, maana nani huwahi kushangilia kisichotokea?

Mama Chuma akausukuma ule ufunguo wa shaba juu ya meza mpaka ukagusa vidole vyangu.

"Shika," akasema. "Kwa muda tu."

"Kwa muda tu, mama," nikasema, nikaufunga kiunoni palepale.