Mwanaume Aliye Ndani ya Simu ya Mke Wangu

Jumatatu, 10 Machi

Kuna mwanaume anaingia nyumbani kwangu. Kila siku saa kumi na mbili jioni, na mke wangu ndiye anayemkaribisha. Hali chakula. Hakai kwenye kochi. Anatokea kwenye simu.

Nieleze vizuri, maana hasira inanirusha hatua. Mke wangu ni keshia dukani. Anakaa kwenye kiti kibovu kutwa nzima na mgongo umemlemea. Daktari akamwambia afanye yoga ya upole, ile ya kulala chini na kupumzika tu, hapahapa nyumbani, bila kujikunja wala kujipinda. Keshia mwenzake akampa masomo ya kusikiliza. Sawa. Nani atakataa dawa? Nikasogeza meza mwenyewe apate nafasi ya mkeka sebuleni. Mjinga mimi!

Kumbe mwalimu ni mwanaume. Na ana sauti! Si sauti ya kuulizia bei ya viazi. Anamwambia alegeze mabega. Anamwambia hana haja ya kwenda popote. Anamwambia apumue, kana kwamba bila yeye angesahau. Na mke wangu, kwa utii ambao sijawahi kuuona, akashusha pumzi: aaah. Mimi nilikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Mimi ni fundi makochi. Nimemtengenezea makochi matatu kwa mikono hii, sijawahi kupewa aaah.

Saa hiyo ilikuwa yangu. Akirudi kazini tunakaa kochi moja, namsimulia wateja wangu na vituko vyao, anacheka mpaka ananiomba ninyamaze apumue. Sasa nausimulia ukuta.

Nimemwuliza mke wangu huyo mwalimu ana umri gani. Hajui. Nimemwuliza tena tukila. Nimemwuliza tena akiwa anapiga mswaki, akaniuliza kwa povu mdomoni kama naona wivu. Wivu! Mimi! Nimecheka sana, kisha nikavuta blanketi lote upande wangu.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata njia. Mgeni usiyeweza kumfukuza, kaa naye umchunguze. Nikatandika shuka kando ya mkeka wa mke wangu, nikatangaza kwamba mgongo unaniuma na mimi. Si uongo mtupu, nainamia makochi kutwa. Mke wangu alifurahi. Alifurahi kweli, hilo naliandika.

Nia yangu ilikuwa amwone mwanaume wa nyama na mifupa akimshinda yule wa hewa. Sauti ikasema tulale chali, miguu tuiegemeze ukutani, anayetaka aweke mto chini ya kiuno. Mke wangu akaweka mito miwili. Mimi sikuweka hata leso. Sauti ikasema asiyejisikia vizuri asogee mbali kidogo na ukuta. Nikasogea karibu. Makalio yakagusa saruji, magoti nikayanyoosha kama misumari. Sikupewa sifa yoyote. Eti hapa hatushindani. Ndivyo anavyosema mtu aliyekwisha kushinda!

Nikajikaza kisabuni. Vidole vya miguu vikaanza kuwasha, kisha sikuvisikia tena. Sauti iliposema tugeuke ubavu taratibu, mimi niliruka ili niwe wa kwanza kumaliza. Miguu haikunifuata. Niliangukia kabati, na kabati likamwaga chombo cha maua alichotuzawadia dada yangu siku ya harusi. Wakati huohuo Sauti inasema: chochote kinachokuja, kitazame, kiache kipite. Kilipita chombo cha maua. Mke wangu hakufumbua hata jicho moja.

Nimeokota vigae peke yangu. Dada nitamwambia ni paka, ingawa hatuna paka.

Jumatano, 12 Machi

Dereva wa lori, jirani yangu, alikuja kiwandani kwangu nimshonee kava la kiti. Nikamweleza yanayonisibu. Ameoa mara tatu, kwa hiyo ni mzoefu. Akasema kosa langu ni kushindana na mdomo kwa miguu. Yule ana maneno, mimi nina mikono. Nimpe mke wangu kitu ambacho simu haiwezi kumpa.

Loo! Jawabu lilikuwa mbele ya pua yangu. Watu wa yoga hulalia mto mrefu mgumumgumu, na mke wangu anaungaunga kwa mito ya kitandani. Nitamtengenezea wake. Kila akilala, atakuwa amelala juu ya kazi yangu. Huyo wa kwenye simu ataongea, mimi nitabeba.

Lakini mtu wa kawaida angejaza sponji. Sponji! Sponji inakunja uso baada ya mwaka. Mimi naamini springi. Springi inakupokea na kukurudisha, hiyo ndiyo heshima ya kochi. Springi nzuri nilikuwa nazo mahali pamoja tu: kwenye kiti cha mama mkwe, ambacho kipo kiwandani tangu mwaka jana. Kila akiuliza namwambia kitambaa hakijafika. Nikazitoa zote. Mama ni mtu mzima, ana subira.

Nimezifunga vizuri, nikavisha kitambaa cha samawati, rangi aipendayo mke wangu. Mto umesimama kama askari. Nilipompa jioni alinishika shavu. Shavu la kushoto. Dereva ana akili kuliko anavyoonekana.

Ijumaa, 14 Machi

Jamani.

Sijui nianzie wapi. Tulilala wote wawili, mimi kwenye shuka langu, yeye juu ya mto wangu, uti wa mgongo umeufuata kama ulivyokusudiwa. Nilikuwa namtazama kwa jicho moja nikisubiri aaah yangu. Sauti ikasema aachilie uzito wote, auache mto umbebe. Akaachilia.

Mto ukambeba. Kamba ya katikati ilikatika na springi zote zikajibu kwa pamoja. Mke wangu alinyanyuka, nasema alinyanyuka kabisa, nikaona mwanga kati yake na kitambaa cha samawati. Akatua kando, ubavu ukiwa kwenye mkeka na kiwiko juu ya pua yangu. Sauti ikaendelea: sikia jinsi ardhi inavyokupokea.

Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Alibaki amelala ubavu, uso umekunjamana, akisema mgongo umemkamata. Mimi, pua ikivuja damu, nilipiga magoti pale, nikaogopa kweli. Ni mimi nimemuumiza. Nikamwuliza nimwite daktari. Akasema nisubiri kwanza. Nikamwuliza nimkande kwa maji ya moto. Akasema ngoja. Nikamwuliza basi anataka nini, chochote, hata nitembee mpaka mjini.

Akasema nimrudishie yule mwalimu alipokomea.

Nikabonyeza. Kwa kidole changu mwenyewe nikambonyeza mwanaume yule aje amtulize mke wangu. Akatulia! Pumzi kwa pumzi, uso ukakunjuka. Daktari tulimpigia baadaye, akasema ni msuli tu, apumzike siku mbili, na mto ule ufungiwe. Mimi niliketi jikoni na pamba puani. Nilitaka kulia, nikasingizia pamba.

Jumamosi, 15 Machi

Mama mkwe amefika asubuhi kumuuguza binti yake. Shikamoo yangu aliipokea akiwa anautazama mto wa samawati. Akaniuliza kama huu mto mrefu kama maiti ndio uliomrusha mwanawe. Nikafyata mkia. Kisha akamwomba binti yake amwoneshe hiyo yoga, akalala kwenye shuka langu, mahali pangu, akafumba macho. Sauti ilipoanza, mama akasema huyu mtoto analea vizuri kwa maneno. Sasa wako wawili! Nimebaki bawabu wa nyumba yangu.

Maji yakanifika shingoni. Nikaenda kiwandani, nikajifungia, nikajirekodi. Kwani kuna nini? Nilikaa ndani ya kochi lisilo na kitambaa ili sauti inenepe. Nikasema alegeze mabega. Nikasema hana haja ya kwenda popote. Nikasema apumue. Dereva alipopita kuchukua kava lake nikabonyeza kusimamisha, tukazungumza kidogo, akaondoka, nikaendelea mpaka mwisho. Sikuisikiliza tena. Fundi mzuri hapimi kitambaa mara mbili. Mke wangu alipoenda kuoga nikaiweka kwenye simu yake, nikaifuta ile nyingine, na yangu nikaipa jina lilelile.

Saa kumi na mbili jioni. Wamelala, mama na binti, mito ya kitandani chini ya magoti. Nimesimama mlangoni. Ikaanza. Nzito, laini, karibu nimpende mwenyewe! Mama mkwe akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema leo mwalimu ana mafua kidogo lakini anajitahidi. Nikavimba.

Kisha ukagongwa mlango. Ndani ya simu. Kumbe kile kitufe hakikusimamisha chochote. Dereva akauliza mto umefanyaje. Na mimi, kwa sauti ya bei ya viazi, nikasema mto umemrusha mke wangu kama mkate kwenye kibaniko, na zile springi nilizitoa kwenye kiti cha mama mkwe. Dereva akauliza mwenyewe anajua. Nikasema thubutu! Namdanganya kitambaa hakijafika, yule mama hana haraka, hata akikalia ndoo. Halafu nikakohoa, nikarudi kwenye asali: vuta pumzi, na umsamehe kila aliyekukosea.

Mama mkwe akafumbua macho, jicho moja kwanza, la pili baadaye. Nilitafuta mahali pa kujificha, hata kabati halikunitosha.

Na mke wangu akacheka. Alicheka akiwa amelala chali, akashika mgongo, akaniomba ninyamaze ilhali sikuwa nimesema kitu. Machozi yalimtoka. Akanisogezea mkeka, akaniuliza taratibu kwa nini nimefanya vyote hivi. Mama mkwe akadakia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo niseme. Nikasema. Nikasema saa ile ilikuwa yangu, na mtu wa kwenye simu ameichukua, na kwamba nikirudi nyumbani nikiwa na hadithi mdomoni sina wa kumpa. Nikasema naona wivu. Ndiyo. Nimelitamka.

Akasema si ningemwambia tu tangu mwanzo. Akanionesha picha ya mwalimu: mzee mwenye kipara, miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, na wajukuu wamemzunguka. Akasema hadithi zangu amezikosa kuliko ninavyofikiri, ila mgongo ulikuwa hauwezi kukaa. Akasema kesho nimsomee mimi mwenyewe, kwa sauti yangu ya siku zote.

Mama mkwe akasema kabla ya kesho hiyo kuna kiti.

Jumapili, 16 Machi

Kiti kimekwisha asubuhi. Mama amekikalia, amejaribu springi mara mbili, akasema kinamfaa, akaondoka nacho na Dereva kwenye lori. Nimebaki na mke wangu, na nyumba ni shwari.

Jioni nimemlaza mwenyewe. Blanketi lililokunjwa chini ya magoti, jingine chini ya kichwa, sponji ya kawaida chini ya mgongo, naam, sponji. Nikakaa sakafuni kando yake. Nikamwambia alegeze mabega, na nikachanganya humo na habari ya mteja anayetaka kochi la kona kwa nyumba isiyo na kona. Akacheka kidogo. Akashusha pumzi. Aaah! Nimeisikia kwa masikio yangu, na ilikuwa yangu. Kisha akalala usingizi.

Naandika haya kando yake. Nimejifunza mengi wiki hii. Wivu ni maradhi na mimi nimepona. Mke ni mtu, si kochi, huwezi kumwekea kava asiguswe na vumbi. Anayempenda mtu humwacha apumzike. Sina tena neno na yule mzee, Mungu amzidishie wajukuu. Moyo wangu mweupe.

Mke wangu amelala fofofo. Uso umekunjuka kabisa. Miaka sijauona hivi.

Anatabasamu.

Si tabasamu la kawaida. Ni la mtu aliyekutana na mtu. Sasa limepanuka. Mimi niko hapa, nimenyamaza, sijasimulia kitu kwa muda. Basi huko ndotoni anaongea nani? Ana sauti gani huyo? Ana umri gani?

Subira nimejifunza, lakini jambo hili si la kungoja aamke. Naweka kalamu nimtikise bega.