Ziara za Nyumbani kwa Njia ya Simu

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati, mheshimiwa makamu wake, waheshimiwa wakuu wa idara pamoja na wanaokaimu, waheshimiwa mliokosa viti, nanyi wananchi mliosimama juani kwa hiari yenu, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya mstari wa mbele.)

Nasimama kwa unyenyekevu mkubwa, ambao si kila kiongozi anao, kuwatangazieni kwamba ule ustawi wa jamii wa kizamani, wa ofisa kupiga hodi, kukalia kigoda na kuuliza mtoto amekula nini, tumeuzika rasmi, na mahali pake tumesimika platifomu jumuishi ya kidijitali, ambapo ofisa humfikia mteja onlaini bila kuchafua viatu. (Vicheko.) Kwa robo hii pekee tumefanya ziara za nyumbani elfu nne mia mbili na kumi na mbili, na kwa mujibu wa mwongozo nilioubuni mwenyewe, simu ikiita mara tatu, hiyo ni ziara, ikipokewa, ni ziara ya kina. (Sauti: "Lo! Na kubip je?") Kubip ni ufuatiliaji, ndugu yangu.

(Bibi mmoja ananyanyuka, bahasha mkononi: "Mwanangu, mjukuu wangu ni kiziwi. Mmempigia simu yeye!")

Ahsante, bibi, kwa ushuhuda huo mzuri. Faili lake nimelisoma. Tulimpigia mara tatu tumhoji, hakusema neno, ikaandikwa: mteja hana ushirikiano, faili lifungwe.

("Atashirikiana vipi na simu, jamani? Shule ya viziwi inataka barua ya ustawi kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi anapewa mwingine! Njooni mmwone, nyumba yenyewe iko nyuma ya jengo hili!" Umati: "Mwambie, bibi!")

Bibi, katika mfumo huu umbali hauna maana tena, uwe mkubwa au mdogo. Hata ungekaa mlango wa pili, tungekupigia. Na haraka haraka haina baraka.

Nihitimishe. Huduma kiganjani! Ustawi mtandaoni! (Mtu anakohoa.)

Kabla sijaketi, nawashukuru majirani zetu wa idara ya ardhi, waliotuazima kompyuta hizi zilizopangwa mezani ili tupige nazo picha, ambazo zinarudi kwao saa nane. Na kwa namna ya pekee namshukuru mfagizi wetu, kwani kwa kuwa mradi bado haujapitishwa, hauna ofisa, wala haujaanza, yeye ndiye aliyepiga simu zote, kwa simu yake mwenyewe, akishamaliza kudeki, na mafaili yote kayaandika yeye.

(Bibi anapasua umati hadi mlangoni alikosimama mfagizi. "Kumbe ustawi wa jamii wote ni wewe, baba! Weka hilo fagio chini, twende ukamwone mtoto, uniandikie barua yangu." Mfagizi anaegemeza fagio ukutani, anajipangusa mikono, kisha anageukia jukwaa: "Mheshimiwa, muhuri uko droo ipi?")