Wingu la Chumba Namba Saba

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu, kumbukumbu za wafanyabiashara wa mazao zimepandishwa kwenye wingu, na kwamba wingu hilo linapatikana chumba namba saba, mlango unaotazamana na choo cha wanaume.

Tangazo hilo aliliandika Bwana Maximilian Ndalahwa, Kaimu Mkuu wa Kitengo cha Mageuzi ya Kidijitali katika halmashauri moja ya huku kwetu Ufipa, ambayo siitaji jina kwa sababu ina hasira za karibu. Akalisoma mwenyewe kwa kipaza sauti, amesimama nyuma ya pikapu, koti limefungwa vifungo vyote kwa ajili ya ule upepo wetu wa asubuhi.

Neno "Kaimu" lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba wa samaki aina ya mgebuka. Miaka sita anakaimu! Wenzake walioanza naye wamethibitishwa, wengine wamestaafu, na mmoja amefariki akiwa amethibitishwa, jambo ambalo Maximilian alimwonea wivu mpaka makaburini. Sasa mkaguzi alikuwa anakuja Ijumaa kutoka Dodoma. Akikuta wingu linafanya kazi, barua ya uthibitisho inatoka. Asipolikuta, kaimu atabaki kaimu mpaka meno yamwishe.

Usidhani alikurupuka. Alihudhuria semina ya siku tatu Mbeya na akaelewa kuliko wengi. Alielewa kwamba taarifa za mfanyabiashara hazikai tena kwenye daftari wala kwenye kompyuta yake, bali kwenye mitambo mikubwa huko mbali. Duka likiungua, zipo. Daftari likiloa, zipo. Mwenyewe anazifungua popote alipo, saa yoyote, kwa simu yoyote. Yote haya Maximilian aliyakubali isipokuwa "popote" na "saa yoyote", ambayo aliona yanaharibu nidhamu. Akayarekebisha. Popote ikawa chumba namba saba. Saa yoyote ikawa saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, ukiondoa muda wa chai.

Kuhusu usalama, alifuata kanuni za kasiki, ambazo zinataka funguo zishikwe na watu tofauti. Neno la siri lilikuwa na herufi kumi na mbili. Nne za mwanzo alizishika mwenyewe, nne za katikati akampa mhasibu Vitus, nne za mwisho akampa Felisiani, karani wa masjala. Walikula kiapo kwamba hakuna atakayemtajia mwenzake, hata akiwa anakata roho. Dirisha likawekewa nondo, mlango ukawekewa kufuli, na mezani pakawekwa kitabu cha wageni.

Jumanne asubuhi akaja Mama Silvana, mnunuzi wa mahindi kutoka Laela, mwanamke mpole wa sauti na mgumu wa kuondoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu kwenye mageuzi."

"Ahsante. Nimefuata kibali cha kusafirisha mahindi. Lori la Fuso limeshapakia, na mnunuzi wa Tunduma amesema mwisho Alhamisi jioni. Ikipita hapo anachukua mzigo wa watu wengine, na mimi nimemaliza mtaji wote humo."

"Kibali kinataka tuone usajili wako. Usajili wako uko kwenye wingu."

"Basi ufunguliwe."

Maximilian akamwangalia kwa huruma. "Mama, faili lako liko salama kabisa. Hakuna mtu anayeweza kulifikia."

"Hata mimi mwenyewe?"

"Hasa wewe mwenyewe. Mhasibu amekwenda Matai kwenye msiba wa mkwewe, na ameondoka na zile herufi nne za katikati."

"Si mumpigie simu?"

"Neno la siri halitajwi kwenye simu, mama. Njoo kesho."

Jumatano akaja, msiba ulikuwa haujaisha. Alhamisi akaja tena, safari hii na mwenzake Cornelia, naye wa Laela, naye wa mahindi. Macho ya Silvana yalikuwa mekundu. Hakulala, alikuwa anawaza mtoto atarudi shule kwa kitu gani.

"Baba," akasema, akatoa simu, "usajili wangu ninao hapa. Mwaka juzi mvua ilivujia stoo, madaftari yakageuka uji. Tangu siku hiyo sisi wafanyabiashara wa Laela tunapiga picha kila karatasi na kuiweka kwenye wingu. Kila mmoja anaiona. Tazama."

Maximilian akatazama. Usajili ulikuwepo, muhuri wa halmashauri ulikuwepo, na chini yake sahihi yake mwenyewe ilikuwepo, na ile mikia yake mitatu. Akaisogeza simu mbali kidogo na uso.

"Hili ni wingu la kienyeji," akasema. "Halina kibali. Felisiani! Leta bahasha na lakiri. Simu hii ni kielelezo."

Simu ikaingia kwenye bahasha, lakiri ikayeyushwa, muhuri ukagongwa. Silvana akaguna tu, akaomba simu ya Cornelia, akabonyeza bonyeza, akaiweka mezani. Usajili ule ule, muhuri ule ule, mikia ile ile mitatu.

Maximilian akaigeuza bahasha pande zote. Lakiri ilikuwa nzima.

"Umeutoaje humu?"

"Haukuwa humo, baba."

"Felisiani, bahasha!"

Simu ya Cornelia nayo ikafungwa. Silvana akamgeukia karani. "Mwanangu, niazime yako." Felisiani, kijana aliyelelewa vizuri, akatoa. Usajili ukatokea kwa mara ya tatu.

"Bosi," Felisiani akasema taratibu, "nadhani hata kule semina mliambiwa kwamba simu siyo…"

"Semina ilikuwa ya ngazi yangu. Bahasha!"

Kufikia saa nne na nusu, droo ya Kaimu ilikuwa na vielelezo vitano, vikiwemo viwili vya watu waliokuwa wanapita tu kwenda chooni. Akaanza kuandika taarifa: "Kielelezo kinaendelea kuzaliana licha ya kudhibitiwa." Hapo mlango ukagongwa, akaingia mama mmoja mfupi, sweta la bluu, begi kwapani.

"Mimi ni Asnath, mkaguzi kutoka Dodoma. Nimewahi siku moja. Naomba kuliona wingu."

Maximilian akachomoa funguo. Kufuli likafunguliwa, pazia likavutwa, kompyuta ikawashwa. Akaingiza nne zake akiwa amejikinga na kiganja. Felisiani akaingiza zake. Katikati palibaki pengo.

"Katikati kuna nini?" Asnath akauliza.

"Kuna msiba, mheshimiwa."

Asnath akaangalia saa. Maximilian akaiona ile barua ikimponyoka hivi hivi, na mtu anayezama hukamata hata nyasi. Akakimbilia droo, akavunja lakiri ya bahasha ya kwanza, akampa Silvana simu yake.

"Mheshimiwa, hiyo kompyuta ni ya akiba tu! Mfumo wetu hasa ni huu. Mama Silvana, hebu mwonyeshe mkaguzi wingu letu."

Silvana akamtazama Kaimu. Akafikiria Fuso. Akafungua.

Asnath alifurahi waziwazi. Aliona usajili, aliona mizigo, aliona bei za Tunduma za asubuhi ile ile. Silvana akamwelekeza, naye akafungua kwa simu yake mwenyewe, ikafunguka. "Hongera sana! Hiki ndicho tunachokihubiri nchi nzima. Unathibitisha kwamba mfumo huu na vyote vilivyomo ni kumbukumbu rasmi za halmashauri?"

"Nathibitisha!" Maximilian akasema, akasaini fomu, mikia mitatu.

"Vizuri. Basi kwa kuwa usajili wa mama umo kwenye kumbukumbu rasmi, mpatie kibali chake."

Kibali kikagongwa muhuri kwa dakika mbili, muda ambao haukuwahi kuonekana katika jengo lile. Silvana akakikunja, akakitia kifuani, akampigia dereva pale pale. "Washa gari," akasema, na sauti ikamkatika.

Asnath alikuwa bado anasoma. "Na hili jalada la 'Ziara za Ofisini' ni la nini?"

"La kwetu," Silvana akajibu. "Wanunuzi wakiuliza kwa nini mzigo umechelewa, tunawaonyesha. Tumeandika miaka miwili."

Asnath akasoma kwa sauti. "Machi tisa, saa nne: Kaimu yuko kikaoni. Saa nane: kikao kimekwisha, Kaimu amekwenda kupumzika kwa sababu ya kikao. Juni mbili: muhuri uko kabatini, ufunguo uko kwa Kaimu, Kaimu yuko harusini. Juni tatu: Kaimu amerudi, ufunguo umebaki harusini."

Akavua miwani. "Bwana Ndalahwa, nilikuja na barua yako ya uthibitisho. Ilikuwa inakosa kiambatisho kimoja tu, kumbukumbu rasmi za utendaji wako wa kazi. Nilidhani tutahangaika wiki nzima kuzitafuta." Akabonyeza mara moja. "Nimeshazituma Dodoma."

Asnath alipoondoka, Maximilian akamfuata Silvana mpaka getini, mbio za mtu asiyetaka kuonekana anakimbia.

"Mama, lile jalada… lifute. Nakuomba."

"Nitalifutaje, baba? Wewe mwenyewe umesema ni mali ya halmashauri. Na wenzangu wote wanalo." Akamhurumia, nasema kweli. Akabonyeza simu. "Nimekufungulia na wewe. Soma kwa nafasi yako. Ukiona kosa, niambie nirekebishe."

Maximilian akasoma maandishi yote arobaini na moja ya jalada lile, neno kwa neno, akitafuta kosa, mpaka ofisi zikafungwa. Alipata moja tu. Tarehe kumi na nne Agosti waliandika kwamba alichelewa kufika kazini kwa saa mbili, naye alikumbuka vizuri kwamba zilikuwa tatu.