Walaji Saba wa Sengu Yangu

Kata ya Mbuji,
Wilaya ya Mbinga.
17 Julai 1994.

Kwa Mwenyekiti wa Wilaya,
Chama cha Uhuru wa Mtu na Katiba (CHUMKA),
Mbinga Mjini.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: WALAJI SABA MLIOWACHUKUA KWANGU

Kwa kuwa nimeambiwa ulizaliwa mwaka mmoja na mwanangu wa pili, naipokea shikamoo yako kabla hujaitoa. Marahaba. Sisi huku ni wazima, isipokuwa kwa hayo nitakayoyaeleza. Barua hii inaletwa na katekista Romanus kwa mkono, maana ofisi ya tawi lenu hapa kijijini ni sebule ya mwanangu Nicholaus, na yeye ndiye mshitakiwa.

Kwanza nikupongeze. Siku ile ya Februari mlipokuja na gari lenu, ambalo watu wetu walilisukuma mlimani mara mbili, mlisimama mbele ya ghala la kahawa mkatusomea kijitabu cha Katiba kwa kipaza sauti. Mlisema kila mtu ana haki zake yeye mwenyewe, na kwamba haki hizo hazitolewi na ukoo, wala kijiji, wala chama. Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga, ingawa nina kadi ya chama kile kikubwa tangu kilipokuwa na jina jingine. Nilidhani mnazungumza habari za Dar es Salaam. Sikujua mnazungumzia chakula changu cha mchana.

Huenda umekulia mjini, basi nikueleze. Sisi Wamatengo tuna sengu. Ni kibanda cha mkubwa wa ukoo. Kila mke hupika kwake, huleta bakuli lake pale, na wanaume wa ukoo hula pamoja. Tukishakula, mkubwa huamua mambo: nani alime wapi, nani aoe lini, nani aombe radhi. Watu wanasema sengu zimekwisha zamani. Yangu haikuwa imekwisha. Niliirithi kwa baba mwaka 1967, na mpaka Februari nilikuwa na walaji saba: wanangu watatu, na wana wanne wa marehemu mdogo wangu. Leo tawi lenu lina wanachama tisa. Saba ni hao. Wa nane ni Herieth, mke wa Nicholaus, ambaye ndiye mwenyekiti wa tawi. Wa tisa ni fundi baiskeli asiye na ukoo hapa, na huyo simlaumu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu chungu. Mkamwana wangu Herieth ametoka kule ziwani, Chiwanda, katika familia ya Kianglikana inayopenda kusoma mambo mpaka mwisho wa ukurasa. Alisoma Ibara ya 16, inayolinda nafsi ya mtu, familia yake na unyumba wake, akafanya utafiti na kugundua kwamba chungu ni unyumba. Siku ya kwanza bakuli lake halikuja, na Nicholaus naye hakuja. Nikasema labda ni homa. Baada ya wiki mbili homa hiyo ilikuwa imeshika nyumba zote saba, na wagonjwa wote walikuwa wanakula vizuri wakiwa wamefunga milango.

2. Kuhusu muda wa uongozi. Mwezi wa tatu niliwaita wote kwa amri. Walikuja, nakiri, na walikaa kwa adabu. Kisha mwanangu mkubwa, Raimundi, mtu ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe kunyamaza, akasimama akaomba kujua kama uongozi wa sengu una kikomo. Alisema kwingineko duniani ni vipindi viwili vya miaka mitano. Kwa hesabu hiyo nilipaswa kung'atuka mwaka 1977, kabla yeye mwenyewe hajaoa, na sijui huyo mkewe angeolewa kwa amri ya nani. Wakataka kura ya siri. Harage maana yake kila mtu ale kwake, punje ya hindi maana yake sengu iendelee. Tulikuwa wanane. Kibuyu kilipomwagwa yakatoka maharage saba na punje moja ya hindi. Sitasema punje ile ilikuwa ya nani, kwa kuwa kura ni siri.

3. Kuhusu udongo. Unajua, au hujui, kwamba milima yetu tunailima kwa ngolo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokutana, wanawake huzifukia kwa udongo, na yanabaki mashimo yanayoshika maji ya mvua. Mistari hiyo lazima ikubaliane kutoka shamba hadi shamba, vinginevyo maji hupata njia. Miaka yote mistari hiyo niliipanga mimi. Mwaka huu Nicholaus alinikumbusha haki ya kumiliki mali, akapanga mistari yake jinsi dhamiri yake ilivyomtuma. Mvua ya Aprili ikaja. Udongo wake wote ulishuka ukalala juu ya maharage yangu. Nilipokwenda kulalamika, Herieth alinisikitikia kwa upole sana, akanikaribisha uji, na kuniambia nina haki ya kushitaki. Hakuna tusi lililowahi kuniuma kama ule upole.

4. Hili la mwisho nitalisema bila kejeli, kisha nitarudi kwenye kejeli. Nimekuwa mpweke. Ottilia, mke wangu, analeta bakuli lake, analiweka mlangoni na kurudi zake, kama ilivyo desturi. Nanawa mikono, halafu nashika kata ya maji ya kunawia nimpitishie anayenifuata kwa umri, na hakuna anayenifuata. Kibanda kile kilijengwa kwa ajili ya kelele. Mtu akila humo peke yake anajisikia akitafuna. Nimewalea watoto hawa, na wale wanne niliwalea baba yao alipofariki. Naumia, na sioni haya kuliandika hilo.

Sasa narudi. Nilifikiri kukushinda kwa njia zako. Nikaazimia kuiandikisha sengu kama chama cha siasa, nisimamishe mgombea. Mtendaji wa kata akanieleza kwamba lazima niwe na wanachama katika mikoa kumi, pamoja na Unguja na Pemba. Nina shemeji Tunduru, lakini huko ni mkoa huu huu. Pemba simjui mtu.

Hivyo basi, ombi langu ni dogo na ni la haki. Kwa kuwa chama chako kimechukua walaji saba, chama chako kilete walaji saba. Nakubali wajumbe wa Halmashauri Kuu yenu, wanaume, wenye meno. Si lazima wawe Wamatengo, ilimradi wanakula maharage na wananyamaza mkubwa anapozungumza. Waje kila siku saa saba mchana. Wanaruhusiwa kuwa na maoni, ila wayafikishe nyumbani kwao wakiwa wameyafumbata. Kama chama kinathamini haki ya kila mtu, nami ni mtu, na haki yangu mimi ni kula na watu.

Wasalimie wazee wako, wasalimie walioachwa na gari siku ile wakarudi kwa miguu mpaka Mbinga, na msalimie yule kijana wa kipaza sauti, ambaye sauti yake bado iko masikioni mwangu.

Ni mimi, mtu binafsi bila kupenda kwangu,

Othmar Kinunda,
Mkuu wa Sengu (aliyeangushwa kwa maharage).

Baada ya kutia sahihi: Katekista Romanus aliahirisha safari, kwa hiyo barua imekaa kwangu mpaka leo Alhamisi, na mambo yamebadilika. Jumatatu baridi ilizidi, na moto wa sengu ukakataa kuwaka. Nikaingia jikoni kwa Ottilia kuota moto, mahali ambapo mwanaume wa rika langu hana kazi. Nikala humo humo, ugali ukiwa bado unafuka moshi. Miaka yote ya sengu nimekula ugali uliopoa, tukisubiri mabakuli ya nyumba nane yakutane. Nikaomba ukoko. Ottilia alinitazama sana. Tumeoana miaka thelathini na minane, na hakujua kwamba napenda ukoko. Alikuwa akiwamwagia kuku. Nami sikujua kwamba maharage humuumiza tumbo, na kwamba miaka yote aliyapika kwa ajili yetu, kisha yeye akala majani peke yake. Tulicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu nikaona kwamba si yote ya kicheko. Tangu siku hiyo sijakanyaga sengu.

Lakini jana Raimundi alikuja na uso wa msibani. Wameona sengu haina mtu, wakadhani huzuni imeniangusha. Wameketi kikao cha tawi, wamepiga kura, na kwa kauli moja wanarudi kula kwangu kuanzia Jumapili, wote saba. Kwa hiyo wale wajumbe usiwatume. Badala yake nakuomba unitafutie haraka maneno ya Katiba ya kuwakatalia watoto wangu bila kuwaumiza, kwa sababu jikoni kuna vigoda viwili tu.