Daftari la Wapiga Kelele

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Balaa! Mkuu wa shule kaniita ofisini kabla ya chai. Mkaguzi anakuja Ijumaa kutazama mafunzo yangu ya viongozi wa wanafunzi. Anataka kuona kama kila mwanafunzi anapata nafasi. Mkuu akauliza wanafunzi wangu kumi na wawili ni wa namna gani. Nikasema mchanganyiko mzuri sana. Akaomba orodha. Akaisoma. Akavua miwani. Akasema wote ni wavulana, wote warefu na wote wamo kwenye timu ya mpira.

Si kosa langu! Miaka sita nachagua kwa njia moja, ya haki: mwanafunzi anasimama juu ya ngazi, anapaza sauti, akisikika langoni amepita. Nani kawakataza wengine kupiga kelele?

Mkuu akasema mkaguzi asiporidhika, ulezi wa viongozi unakwenda kwa Mkutubi. Mkutubi! Mtu anayevaa soli za mpira ili asisikike akitembea! Ulezi ndio chumba changu cha ghorofani, chenye ufunguo wake. Ulezi ndio utakaonipa unaibu mkuu. Na mama mkwe nimeshamwambia kwamba unaibu nimeupata. Keshawatangazia majirani.

Siku nne tu. Roho iko juu juu, mwandiko umekuwa kama wa mgonjwa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata watatu! Nimewatoa wachezaji watatu kuwapisha. Mwalimu wa Michezo kanuna kama mtoto, maana mmoja wao ni nahodha wake.

Wa kwanza ni kijana wa kiti cha magurudumu. Kajiita Dereva mwenyewe, na anavyokata kona kwenye korido ni lazima ujibanze ukutani. Wa pili ni Mama Pacha, aliyerudi darasani baada ya kujifungua. Wa tatu ni binti wa fundi viatu. Hasikii tangu utotoni. Kila analotaka kusema anaandika, kwa hiyo shule nzima inamwita Kalamu.

Sasa vyeo. Nilitaka vyeo visivyo na madhara. Nikapata wazo la ajabu: Kalamu awe kiranja wa kelele! Asiyesikia ataandika nini? Daftari litabaki jeupe na vijana wangu watapumua. Nilicheka peke yangu ngazi nzima. Kwenye jalada nikaandika sheria kwa wino mwekundu: aandikwe yeyote atakayesema wakati wa ukimya, bila kujali cheo. Inapendeza, mkaguzi ataipenda.

Kalamu alilipokea daftari kwa mikono miwili akalikumbatia. Machozi yalimlengalenga. Sikujua pa kutazama.

Mkutubi akajitia kunishauri. Eti nikizungumza na Kalamu nimtazame usoni, maana anasoma midomo. Kama kwamba sijui! Nikampanulia Kalamu mdomo kila silabi, wiiii-kiii nziiii-maaaa. Mpaka mashavu yakauma.

Nyumbani nikaomba maji. Mke wangu akauliza kama ni jino, au nimeamua kummeza.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siku mbaya. Mafunzo yanafanyika ghorofani, chumbani kwangu. Dereva hapandi ngazi. Hilo halikunipita, nilikuwa na mpango: nikamteua mlinzi wa mlango wa chini. Nikamwambia ni cheo kizito. Akauliza analinda nini. Nikasema tutaona.

Nikaanza somo. Kalamu akahesabu vichwa, akatoka. Mama Pacha akamfuata. Dakika tano baadaye ikaletwa karatasi: viongozi kumi na mmoja hawakutani huku wa kumi na mbili yuko nje, kwa hiyo tafadhali mwalimu, shuka. Vijana wangu, wale wale niliowachagua kwa sauti zao, wakashuka mbio! Mrefu kuliko wote alikuwa wa kwanza. Nilibaki na ubao.

Na chini ni wapi pana nafasi? Maktaba! Mkutubi alishafungua mlango, kapanga viti duara, katikati kaacha nafasi ya magurudumu.  Akatabasamu tu. Nilitamani kumtupia kamusi.

Nimekaa kwenye duara, goti langu likigusana na la Mama Pacha, nikifundisha katika himaya ya adui. 

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Kesho! Usiku kucha sikulala.

Tulifanya majaribio maktaba, dakika kumi za ukimya. Nikawaacha, nikavuka uani hadi ofisi ya walimu. Mwalimu wa Michezo alikuwa ananisubiri kachafuka. Alisema nisipowarudisha wachezaji wake kwenye uongozi atamwambia Mkuu ukweli kuhusu sauti na lango.  Nikafunga mlango, nikafunga dirisha, nikanong'ona. Nilimwambia atulie. Mkaguzi akishatoka langoni tu, watatu hawa nawatoa, Kalamu akiwa wa kwanza. Nilisema hawa ni mapambo ya Ijumaa. Akaridhika, tukamalizia karanga zetu.

Kasoro moja ndogo: mdomo umezoea. Hata kunong'ona nanong'ona kwa kupanua. Mwalimu wa Michezo aliuliza kama nina kichefuchefu.

Kupitia kioo niliona dirisha la maktaba, hatua chache tu ng'ambo ya uani. Kalamu alikuwa amekaa pale na daftari. Nikampungia mkono. Hakunipungia.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nitaandika haraka.

Mkaguzi ni mama mmoja mpole, na wapole ndio wa kuogopwa. Kila kitu kilikwenda sawa. Dereva alieleza kwa nini mafunzo yamehamia chini. Mama Pacha alisema amependekeza mikutano imalizike kabla ya saa tisa, ili wenye watoto wasikose. Mkuu alitabasamu. Mimi nilivimba kichwa, nikaanza kupanga viti vya ofisi ya naibu.

Mkaguzi akauliza viongozi wanaweka kumbukumbu gani. Kalamu akainua daftari. Nikasema kwa fahari kwamba hilo ni wazo langu, na sheria ya jalada pia ni yangu. Nikamwomba mkaguzi asome kwa sauti. Mimi mwenyewe! Mdomo huu!

Akasoma. Jumatano, fulani safu ya pili, alisema viatu vinambana. Wakacheka. Alhamisi, saa nne na robo, dirisha la ofisi ya walimu, Mlezi. Alisema: mkaguzi akishatoka langoni, watatu hawa nawatoa, Kalamu wa kwanza, hawa ni mapambo ya Ijumaa. Kwenye mabano: neno moja sikulipata, alikuwa anatafuna.

 Mkuu alivua miwani. Mkaguzi akamwelekea Kalamu, akamuuliza taratibu amewezaje. Kalamu akaandika, na karatasi ikasomwa: kwa kawaida midomo mingi sipati hata nusu, lakini mwalimu anapanua vizuri kuliko watu wote.

Chini yake kulikuwa na mstari mwingine. Mkaguzi alisita, kisha akausoma: mimi nilifikiri amenichagua.

Nilihisi kitu kinanichoma kifuani. Njaa, nadhani. Sikuwa nimekula asubuhi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mkutubi ndiye mlezi. Nimekabidhi ufunguo. Alikuja kuupokea na soli zake zile zile. Mama mkwe kapiga simu mara tatu, mke wangu kamwambia niko mkutanoni. Kisha kanitazama, akasema pole mume wangu, lakini umeyataka mwenyewe.

Hata hivyo, habari njema! Viongozi walipiga kura kama nifukuzwe kabisa kwenye mafunzo. Nilisubiri nje ya mlango. Kalamu ndiye aliyenitetea. Aliandika kwamba mafunzo haya hayamwachi mtu nje, hata mwalimu. Nimewekwa kwenye duara, mwanafunzi wa kumi na tatu.

Hawawezi bila mimi! Nimeelewa mara moja. Na wiki ijayo wanachagua mwenyekiti. Kura kumi na tatu, nahitaji saba.

Nimeshaanza kampeni. Leo wakati wa ukimya nilimwinamia Mama Pacha, nikamnong'oneza kwamba Kalamu hafai uenyekiti na kwamba Dereva ni kijana wa kuyumbishwa, nikishachaguliwa nitamrudisha kulinda mlango. Makosa ya Alhamisi sikuyarudia, thubutu! Nilifunika mdomo kwa kiganja, mwanzo hadi mwisho. Kalamu alinitazama, akatazama kiganja, akaachia tabasamu dogo. Hakuambulia kitu, maskini.

Daftari lenyewe hata hakuwa nalo. Wanapokezana siku hizi, na leo ilikuwa zamu ya Dereva. Alikuwa nyuma yangu hapo hapo, magurudumu yakinigusa kiti, anaandika, anaandika. Sijui nini. Labda kazi ya nyumbani.