Nzi Waliopanda Chupa

Jumatatu, 3 Machi
Wamefika! Vichupa kumi vya nzi wa matunda kutoka hifadhi ya pamoja ya maabara. Si nzi hivi hivi. Wana hitilafu ya jeni inayowaletea kitu kama ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka alio nao Baba. Ukigonga kichupa mezani, wote huanguka chini. Nzi mzima hupanda juu mara moja. Hawa hubaki chini, wanahangaika na miguu. Kama Baba anapotafuta kandambili asubuhi. (Aibu kuandika hivyo. Sifuti.)

Sharti la hifadhi: ukipewa, nawe gawa. Daktari, mkuu wa maabara yetu, kaagiza nusu ya vichupa iende ghorofa ya juu kwa Bi Sahihi. Huyu mtafiti husahihisha hata tangazo la chooni. Akiipata dawa kabla yetu, sura yangu nitaiweka wapi?

Mpango: wagonjwa wote nabaki nao. Yeye nampelekea vichupa kumi vya nzi wazima, aone na ukarimu. Nimetia alama. Nyekundu wagonjwa, buluu wazima. Mpango safi.

Jumanne, 4 Machi
Nimempelekea vichupa vyote kumi vyenye alama nyekundu. Kashukuru mno. Kauliza hali ya Baba, kasema hamsahau katika dua zake. Kwa nini wapinzani huwa na adabu siku usiyoihitaji?

Huku chini tumeanza kuwalisha nzi wetu dawa ya majaribio.

Jumatano, 5 Machi
Daktari kagonga kichupa. Nzi wote juu! Kagonga tena. Juu! Kanikumbatia, mtu ambaye hata mkono hajawahi kunipa. Kasema dawa imejibu. Ijumaa atawatangazia wageni wa maabara zote. Nikampigia mke wangu simu hapo hapo.

Kisha nikafungua shajara hii, nijisifu. Nikasoma ya Jumatatu. Nikasoma ya jana.

Nyekundu!

Wagonjwa wote wako ghorofani kwa Bi Sahihi. Daktari anashangilia nzi ambao hawajaugua hata mafua.

Nyumbani kubaya zaidi. Mke wangu kamwambia Baba. Miaka mitatu Baba anavaa fulana tu, vifungo vimemshinda. Leo kaomba shati lake jeupe lipigwe pasi. Anataka Ijumaa aisikie habari kwa masikio yake.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango: kubadilisha vichupa wakati Bi Sahihi yuko kwenye chakula. Nimepanda na nzi wazima mfukoni, roho mkononi. Kizibo kimoja kikafyatuka. Nzi chumba kizima! Nawafukuza kwa jalada la faili, mlango ukafunguka. Nikamwambia Bi Sahihi nimekuja kukagua madirisha.

Kaangalia madirisha. Kaniangalia mimi.

“Kaka,” kasema, “nilijua ulikosea hesabu, ukaniletea vyote. Nusu yako nimekuwekea pale.”

Vichupa vitano, vimelishwa, vimeandikwa tarehe. Natamani ardhi ipasuke. Nimevichukua. Ukweli sijamwambia.

Ijumaa, 7 Machi
Baba kaja. Mke wangu kamfunga vifungo vyote, mpaka cha shingoni. Kakaa safu ya mbele, mkono unaotetemeka kaukalia.

Daktari kasimama mbele ya ukumbi uliojaa. Nimemkonyeza, kanikonyeza na yeye, kwa furaha. Nimekohoa, kaagiza niletewe maji. Basi nikapanda jukwaani, nikamnong'oneza sikioni kila kitu. Nzi, rangi, wivu wangu, vyote.

Kipaza sauti kilikuwa kwenye ukosi wake. Ukumbi mzima umesikia. Hata neno wivu limetoka vizuri kabisa.

Daktari kawaomba wageni radhi, kawaambia hakuna matokeo leo, chai iko tayari. Bi Sahihi kavua miwani, akaifuta muda mrefu. Angenitukana tu ningepona.

Baba nimemkuta kwenye korido.

“Kwa hiyo bado?”

“Bado, Baba. Nisamehe.”

Kautazama mkono wake, kama anamtazama mtoto wa jirani anayesumbua. Kisha kasema, “Basi Jumatatu uwahi kazini.”

Nimemshika kiwiko, tukashuka ngazi moja moja.

Adhabu: kuosha vyombo vya maabara mwezi mzima. Dawa itajaribiwa upya kwa nzi wagonjwa kweli, Bi Sahihi akiwa msimamizi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimewahi. Tumegonga vichupa. Nzi wamebaki chini, ila mmoja alipanda nusu, akateleza. Daktari kasema ni mapema mno kukata tamaa. Nimejifanya nafuta meza.

Mchana hifadhi ya pamoja imetuletea kamera inayopima mwendo wa nzi, hatua kwa hatua. Moja tu, ya ghorofa zote mbili. Anayeitaka ajiandikishe kwenye orodha mlangoni. Nimeapa kuwa mtu mpya. Kwa hiyo sijagusa kamera. Nimejaza tu wiki nzima kwa majina ya watafiti watatu wageni, ambao hawapo duniani.

Bi Sahihi kaisoma orodha. Kafurahi. Kauliza wageni wanafika lini, awaandalie viti.

Nimemwambia Jumatano.

Natafuta watu watatu. Wenye koti jeupe ikiwezekana.